Mtama Ulioota Kifuani

Blogu ilikuwa wazo la kaka mkubwa, na hilo lisemwe mapema kabla watu hawajaanza kugawana lawama. Kaka alishona sare za shule, alizishona vizuri, na mtaa mzima ulimwita Bwana Sare. Aliona wenzake wanajitangaza mtandaoni, naye hakutaka kuachwa nyuma. Akamkabidhi dada yake, aliyeshona naye, kazi hiyo, kwa kuwa yeye mwenyewe akishika simu huandika kwa kidole kimoja, kama mtu anayetoboa karatasi. "Weka picha na bei," alimwagiza. "Basi. Usiongeze chumvi."

Dada akaweka picha na bei. Sketi za bluu, kaptula za kaki, masweta. Hakuna aliyesoma, na kwa kweli nani angesoma? Hata mama yao, ambaye husifia kila wanachofanya wanawe, alifika kwenye kaptula ya pili akasinzia.

Kisha dada akaugua. Saratani ilichukua titi lake la kushoto, na aliporudi kwenye cherehani aligundua jambo ambalo madaktari hawakumwambia: kila blauzi aliyokuwa nayo ilimkana. Upande mmoja ulijaa, mwingine ulining'inia, shingo ikavutwa kando. Akashona kifuko, akakijaza pamba. Pamba ni nyepesi, ikapanda mpaka karibu na bega. Fundi hashindwi na nguo. Akatoa pamba akatia mtama, maana mtama una uzito na hukaa pale ulipowekwa. Akakishonea kifuko ndani ya bitana, akakifunga pande zote, akajitazama kwenye kioo akaridhika.

Kosa lake ni kuifua blauzi ile msimu wa mvua na kuianika ndani, nyuma ya mlango, kifuko kikiwa humohumo. Siku alipoivaa tena ilikuwa bado na unyevu kwa mbali. Alikuwa ameinama akimpima mteja kiuno, mara mteja akatoa macho. "Fundi," akasema, "kuna kitu kinachungulia kifuani kwako." Mtama ulikuwa umeota. Vichipukizi vyeupe vilikuwa vimetoboa kitambaa vikilitafuta jua.

Wengine wangelia. Yeye alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaandika yote kwenye blogu, katikati ya sketi na kaptula: titi, pamba, mtama na kicheko. Akaeleza na dawa yake, yaani mfuko wenye mdomo wazi ubavuni mwa bitana, ili kile kifuko kichomolewe kabla ya kufua. Wanawake wakaanza kumwandikia. Mmoja alikuwa ametumia mchele, mwingine soksi za mumewe. Walichekana, walisimuliana, kisha wakaagiza blauzi. Mlangoni kwa Bwana Sare wakaanza kuja wateja ambao hawakutafuta sare.

Ndipo mwalimu mkuu wa shule moja, mteja mkubwa wa kaka, alipofungua ukurasa kutafuta sweta akakutana na titi. Akapiga simu, akauliza wazazi watamwelewaje.

Kaka ana hasira za moto wa kifuu. Aliingia chumba cha kushonea akiwa anawaka, mama yao nyuma yake, ameburutwa kuja kuwa shahidi.

"Futa!" alisema kabla hata ya salamu.

"Karibu, kaka. Karibu, mama," dada akajibu, mguu haujatoka kwenye cherehani.

"Sitaki karibu yako! Blogu ni ya biashara. Unaandika mambo ya matiti kwenye biashara ya watoto wa shule? Wahenga walisema, penye kuku wengi usimwage mtama!"

Mama aliuma pindo la mtandio wake asicheke. Kaka alipong'amua alichokisema, ndiyo kwanza akazidi kuwaka.

"Na hao wanawake wanaokuja hapa, si biashara?" dada aliuliza. "Wananunua kwa sababu wameniamini. Wameniamini kwa sababu nimesema kweli. Kaptula yako inamwambia nani nini?"

Kaka akaifuata meza kwa hatua mbili. Akanyakua simu mezani, akatafuta, akabonyeza. Andiko likapotea, pamoja na kila neno waliloandika wale wanawake. "Kwisha," alisema, akairudisha simu taratibu.

Dada aliumia. Tusidanganyane, aliumia hasa. Maneno ya wale wanawake hayakuwa yake peke yake. Kisha akavuta simu, akaanza kuandika upya, palepale mbele yao.

"Nitafuta tena," kaka alisema.

"Nitaandika tena. Wewe una kidole kimoja, mimi ninavyo kumi. Tuone nani atachoka."

"Cherehani hiyo ni yangu."

"Ichukue. Mikono ni yangu."

Mama akaingilia, kwa ile sauti ya kumbembeleza mtoto anywe dawa. "Mwanangu, mambo ya mwili husitiriwa. Kaka yako hana nia mbaya."

Hapo dada akaweka simu chini. "Mama mdogo tulimsitiri, mama. Alikuwa na uvimbe, akaufunika kwa nguo, na sisi tukafunika juu yake. Watu wakiuliza, tunasema ana vidonda vya tumbo. Tulimsitiri mpaka kaburini. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mdogo wako kilimuumbua, na bado hatujajifunza. Sitara ya namna hiyo siitaki."

Kaka alikuwa kipenzi cha mama mdogo. Akajifanya anaikagua pasi.

Dada akaingia nyuma ya pazia la wateja, akatoka amevaa blauzi nyingine, aliyoikata kwa mwili wake ulivyo sasa: upande mmoja umejaa, mwingine bapa, bila kifuko wala pamba. Ilimkaa sawasawa. Hakuwahi kuweka uso wake kwenye blogu. Picha zote zilikuwa za nguo zilizotundikwa kwenye henga.

"Sasa nataka picha," alisema. "Uso na kifua. Kaka, utanipiga?"

Kaka alitikisa kichwa, macho sakafuni. Hakutoka nje, lakini mkono hakuunyoosha.

Mama ndiye aliyeichukua simu. Aliishika kwa mikono miwili, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa rundo la sare, akamtazama binti yake kwenye kile kioo kidogo cha simu. Akatazama pale ambapo tangu hospitali alikuwa hajathubutu kupatazama. Machozi yakamtoka, hakuyafuta.

"Nabonyeza wapi?" aliuliza.