Windows Haipigwi Hapa

Hebu nianze na Godfrey, maana nisipomtoa kifuani kwanza sitaweza kusema mengine.

Godfrey ni fundi kompyuta hapa Mikumi. Ana kibanda karibu na stendi, na dawa anayo moja tu. Kompyuta nzito? Tupige Windows. Haitoi sauti? Tupige Windows. Umemwagia kibodi chai? Tupige Windows. Na kupiga Windows, kwa asiyejua, ni kuifuta kompyuta ikawa tupu kabisa, kisha kuiwekea Windows mpya, na vyote ulivyohifadhi humo ndiyo kwaheri ya kutoonana. Sasa jamani, mtu akiona panya ndani anachoma nyumba?

Mimi ni Scholastica, ila mtaani ukiuliza Scholastica utapotea. Uliza Mama Yared mpiga picha. Picha za pasipoti, za shule, za mahafali, za harusi, zote napiga na kuziprinti nyumbani kwangu, jirani na barabara kuu. Kompyuta iko sebuleni. Kwa vumbi la malori yale, ukiiacha wazi wiki moja unaweza kuotesha mchicha juu yake, kwa hiyo nimeifumia vitambaa: cha skrini, cha printa, na cha CPU, kirefu, kinachoteremka kwa nyuma mpaka sakafuni. Vyeupe vyenye maua ya njano. Hakuna mgeni aliyeingia asivisifu.

Jumatano ile asubuhi mtu akabisha hodi. Alikuwa Sikuzani.

"Shikamoo, Mama Yared."

Nilishtuka. Shikamoo ya Sikuzani sikuwa nimeisikia kwa miezi sita, na sababu yake nitaisema.

"Marahaba, mwanangu. Pita ndani."

Sikuzani anakata miwa Ruhembe. Mwezi uliopita alimzika mtoto wake wa pekee, Brightness, miaka sita, homa ya siku tatu tu. Arobaini ilikuwa Jumamosi hiyo.

"Naomba picha yake," alisema. "Ile uliyompiga ya fomu ya shule. Tuiweke mezani siku ya ibada." Akaninyooshea simu yake. "Sina nyingine. Simu yangu ni hii ya kitochi, haipigi picha. Mama Yared, sura yake imeanza kunipotea."

Nikamwambia kaa hapo, dakika tano tu. Kulikuwa na siku mbili za radi, na mimi radi siichezei. Nilikuwa nimechomoa kila kitu ukutani. Nikachomeka, nikabonyeza kitufe. Feni ikavuma, skrini ikawa nyeusi, ikaandika mistari miwili ya Kiingereza kwa maandishi meupe, na hapo ikagoma. Nikazima, nikawasha. Yale yale. Nikaipiga kofi ubavuni. Yale yale.

Ndipo nikafanya kosa la kumpigia Godfrey.

Alikuja na bodaboda, akatuamkia, akasimama mbele ya skrini mikono kiunoni. Nadhani alisoma maneno matatu.

"Mama, Windows imeondoka. Tunapiga mpya. Saa mbili tu kazi imekwisha."

"Na picha?"

"Picha ndiyo hivyo tena."

"Ndiyo hivyo tena nini? Humo mna picha ya marehemu! Mama wa mtoto huyu hapa, amekaa!"

Akamtazama Sikuzani, akasema pole, kisha akanigeukia mimi. "Pengine hata hiyo hadi-diski inayotunza picha nayo imekufa. Nipige nisipige?" Na flash yake ya Windows tayari iko mkononi, kama mchinjaji na kisu chake.

Hakugusa waya. Hakunyanyua hata kitambaa kimoja. Hakuuliza imeanza lini, kulikuwa na nini, nani aliitumia mwisho. Hasira zikanipanda mpaka masikio yakawa ya moto.

"Hivi wewe ulisomea kutengeneza au ulisomea kufuta?"

"Mama, usipaniki."

Mimi! Nipaniki! Nikamfungulia mlango. "Toka. Windows haipigwi hapa. Toka kabla sijasema neno ambalo mama yako hatalipenda."

Akatoka anacheka. Godfrey huyo, mpaka leo simwombi radhi.

Tukabaki wawili. Sikuzani alikuwa anaviringisha pindo la khanga yake, anafungua, anaviringisha tena. Nilimhurumia, Mungu ananiona. Lakini nisijifanye malaika, kulikuwa na kinyongo pia. Miezi sita nyuma niliwapiga video watoto wa chekechea kwenye mahafali yao. Brightness alisimama peke yake akatoa shairi mbele ya wageni, wala hakukosea. Sikuzani akataka video hiyo, na alidai alikwishaniletea flash niiweke humo. Nikamwambia hukuniletea. Akarudi mara ya pili, nikamwambia nimetafuta kila droo, hakuna flash yako humu, lete nyingine nikuwekee. Akasema, "Nyingine ya nini, na ile niliyokupa iko wapi?" Mara ya tatu alinikuta bombani, na mdomo wangu ukaniponza. Mbele ya ndoo na wanawake wote nilimwita mwongo. Nilisema anatafuta flash ya bure kwa mgongo wangu.

Tangu siku hiyo, tukipishana njiani, kila mtu anatazama upande wake. Msibani nilikwenda, nikamshika mkono, tukalia. La flash hatukuligusa.

Nikachukua simu, nikampigia Yusrah. Yusrah ni binti wa rafiki yangu, fundi wa redio na kompyuta kule Kilosa, mtu wa pole pole mpaka anakera. Nikaweka sauti ya nje ili Sikuzani naye asikie.

"Shikamoo, Mama Yared."

"Marahaba. Kompyuta yangu imekufa, na Godfrey anataka kuizika."

"Imekufa au haitaki kuwaka?"

"Sasa tofauti yake nini?"

"Kubwa. Nisomee imeandika nini. Yote, mama, usiruke."

Nikavaa miwani. Kiingereza changu si cha kuombea kazi, ila kusoma nasoma. "Inasema niondoe diski au kitu kingine, kisha nibonyeze kitufe chochote."

"Enhe. Na umeondoa?"

"Niondoe nini, Yusrah? Sina diski mimi! Hakuna kitu humu! Mashine yenyewe nayo imeanza uongo!"

"Sawa. Zima. Ukiwasha, gonga kitufe cha F2 mfululizo, usiache."

Nikagonga kama mtu anayetwanga kisamvu. Ikaja skrini ya bluu yenye orodha, ambayo sijawahi kuiona tangu ninunue mashine ile.

"Juu hapo inasema ni tarehe ngapi?"

"Tarehe moja Januari, elfu mbili na tisa." Nikasonya. "Hata mwaka haijui."

"Basi tumeipata nusu," Yusrah akasema, na kwa mara ya kwanza nilisikia anatabasamu. "Humo ndani kuna betri ndogo kama kifungo cha shati. Ndiyo inatunza saa na mipangilio. Imekwisha, na ulipochomoa umeme siku mbili, mashine ikasahau kila ilichopangiwa. Picha zako sidhani zimeguswa, mama. Sasa tafuta orodha ya kuwasha. Cha kwanza ni kipi?"

Sikuzani alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake.

"USB," nikasoma. "Cha pili ndiyo hadi-diski."

"Yaani inatafuta Windows kwenye flash kwanza. Inakuta flash haina Windows, inagoma, inakwambia iondoe. Ichomoe tu hiyo flash."

"Hakuna flash."

"Mama, ipo."

"Matundu ya mbele yote mabovu, nayaona hapa ni matupu. Nimekwambia hakuna flash, Yusrah! Kwa nini kila mtu ananiona mimi mwongo?"

"Sijasema hivyo, mama yangu. Tazama nyuma."

Nikainama. Nikakishika kitambaa changu cheupe chenye maua ya njano, nikakinyanyua mpaka juu.

Ilikuwepo. Flash nyeusi, fupi, imejaa vumbi, katika tundu la chini kabisa. Ilikuwa imefungwa uzi mwekundu wa sufu, kama watu wanavyofunga ufunguo usipotee.

Sikuuliza ni ya nani. Pale pale nikakumbuka, tena kwa kufuatana, kama mtu ananisomea. Ile jioni nilikuwa na wateja watatu, Sikuzani akaniwekea kitu mkononi, nikapapasa nyuma nikakichomeka, nikaanza kuhamisha video. Umeme ukakatika. Nikashusha kitambaa, nikaenda kupika. Na kwenye skrini, kifaa changu cha kusomea kadi za kamera kinaleta vidirisha vinne vitupu kila siku. Hata kikiongezeka cha tano, nani anahesabu?

Nikaichomoa. Ndicho mashine ilichoniambia tangu asubuhi. Nikazima, nikawasha. Windows ikafunguka, ile ile ya siku zote, na picha ya Yared na mkewe kwenye skrini.

"Mama Yared?" Yusrah aliita kwenye simu. "Imewaka? Ilikuwa flash?"

"Ilikuwa flash," nikasema. "Ya Sikuzani."

Nikakata simu. Sikuweza kugeuka haraka. Nilipogeuka, Sikuzani alikuwa anautazama ule uzi, wala hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Laiti angenitukana.

"Kila Jumapili alikuwa ananiuliza," alisema. "Tukitoka kanisani tu. Mama, leo tunakwenda kutazama shairi langu? Mwishowe nikaona labda wewe ndiye mkweli. Labda niliidondosha njiani. Nikamwambia mwanangu nisamehe, nimeipoteza mimi. Akaninunia siku tatu."

Jamani. Mimi ambaye nilikuwa nimeuwasha moto tangu asubuhi, kwa Godfrey, kwa Yusrah, kwa mashine, nilitafuta wa kumkasirikia nikakosa. Nikasema nisamehe mwanangu, nisamehe. Aliomba nimtolee picha.

Nikaitoa kwenye karatasi nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo. Brightness na sare yake, kola imekaa upande, jino moja la mbele hakuna. Sikuzani aliishika kwa mikono miwili muda mrefu. Nikamuuliza kama tuifungue na flash, tuone kama video iliwahi kuingia. Akatikisa kichwa.

"Leo siwezi."

Akaifunga flash kwenye pindo la khanga, akachukua picha yake, akaenda zake.

Jumamosi nikaenda arobaini. Picha ilikuwa mezani, kando ya mshumaa. Baada ya ibada katekista alisimama akasema yale yasemwayo katika kila msiba wa kwetu: mwenye kumdai marehemu au mwenye kudaiwa na marehemu ajitokeze kwa familia. Kwa mtoto wa miaka sita husemwa kwa kufuata desturi tu. Mtoto anamdai nani? Watu walikwishaanza kunyanyuka kunawa mikono.

Nikasimama.

"Mimi nadaiwa na marehemu," nikasema, na sauti ikanitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Wanawake wa bombani walikuwepo wote. "Mama yake aliniletea flash nikasema hakuniletea. Nilimwita mwongo mbele yenu. Flash ilikuwa kwangu miezi yote sita, chini ya kitambaa changu mwenyewe. Mwongo nilikuwa mimi. Mtoto huyu alitaka kujiona akitoa shairi lake, na hakujiona kwa sababu yangu."

Katekista alinitazama, kisha akamtazama Sikuzani, maana deni ni la familia na jibu ni lao.

Sikuzani alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Alifungua fundo la khanga, akaitazama flash yenye uzi mwekundu, akaifunga tena.

"Jumapili nikitoka kanisani nitakuja," alisema. "Nikukute umeiwasha kompyuta."