Kibao cha Marehemu Anselme

Anselme Courtadon alisoma gazeti mara mbili, damu ikamchemka. Jumamosi, mji wao mdogo wa mkoa wa Auvergne, Ufaransa, ungekipa kichochoro cha nyuma ya posta jina la "marehemu Anselme Courtadon, mwandishi". Marehemu! Naye alikuwa hapo hapo jikoni, anachovya mkate kwenye kahawa.

Akavaa koti, huyo hadi ofisi ya meya, njia nzima anasonya. Riwaya kumi na tisa za roketi na sayari za mbali, na miaka thelathini sasa hakuna duka lililoweka hata moja. Leo ndiyo wanamkumbuka, kumbe wanamzika.

Bi Solange, karani wa meya, alimsikiliza kalamu ikiwa mdomoni.

"Kwa hiyo mzee uko hai."

"Wewe unaonaje?"

"Naona umetutia matatani. Hapa mtaa haupewi jina la mtu aliye hai. Nikiandika kwamba upo, kibao kinarudi stoo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ufe, mzee wangu. Na meya mwingine akija, sijui kama atakujua. Huyu mwenyewe nilimkumbusha mimi."

Anselme alikuwa na miaka themanini na minne, hana mtoto, na vitabu vyake vilivyododa vilishasagwa kiwandani vikawa maboksi. Jina lake likikosa ukuta ule wa kichochoroni, halitabaki popote. Ilimuuma, lakini akameza.

"Basi andika mimi ni binamu yake," alisema. "Marehemu aendelee kupumzika."

Jumamosi akasimama mstari wa mbele na tai yake shingoni. Meya, mshipi wa rangi tatu za bendera kifuani, alisoma hotuba ndefu weee, kisha akavuta kitambaa kilichofunika kibao. Jina lilikuwepo, herufi nyeupe juu ya buluu. Chini yake: "Mwandishi wa hadithi za watoto."

Maisha yake yote aligombana na waliosema roketi ni mambo ya watoto. Wachapishaji walimkimbia, hata mkewe alichoka akaondoka. Akamshika Bi Solange mkono.

"Hicho kibao ni uongo. Kibadilisheni."

"Mwenye haki ya kulalamika ni marehemu mwenyewe," Solange alinong'ona, "na ulitaka apumzike."

Meya akaja na glasi ya divai, akampa pole ya msiba.

"Nasikia aliwapenda sana watoto," alisema.

"Sana," alijibu Anselme, akainua glasi kwa heshima ya marehemu.