Mtungi wa Mgongoni

Mwaka wa 1984 nilikuwa namaliza kusomea ubunifu wa bidhaa chuo kikuu. Kazi yangu ya mwisho, ya kupelekwa kwenye maonyesho ya wageni kutoka nje ya nchi, ilikuwa mtungi wa plastiki wa kubebea maji, uliopinda kufuata mgongo, na mkanda wa kupita kwenye paji la uso. Kwetu kijijini Migwani hivyo ndivyo tunavyobeba maji.

Mhadhiri wangu, Bwana Gicheru, aliutazama pamoja na mchoro wake mbele ya darasa, akacheka.

“Kalunde, wageni wa maonyesho wanajua mwanamke wa Kiafrika hubeba maji kichwani. Tengeneza upya, kitako kiwe bapa ukae kichwani.”

Mwaka mzima wa kazi utupwe, eti mgeni apate picha aliyoizoea.

“Mwalimu, mama yako kule Nyeri alibeba kuni kichwani?”

Nikavua kitambaa cha kichwa, nikamwonyesha bonde ambalo mkanda umenichimbia kichwani tangu utotoni.

“Yeye hana alama kama hii?”

Akainama kuitazama.

“Anayo,” akasema kwa sauti ya chini.

Kisha akachukua kalamu nyekundu, akaandika juu ya mchoro wangu: Rudia.