Baraka Huombwa

Bibi Herminia alikuwa ameshavaa hereni zake, anasubiri. Kila siku baada ya chai binti yake Nubia humpigia kwa video, na neno lake la kwanza ni kuomba baraka: "Bendición, mamá." Lakini simu ilikuwa kimya tangu juzi, na mimi nilijua sababu. Nubia alikuwa hospitalini akiugua Covid, kwenye mashine ya kupumulia, na mchana ule madaktari wangeizima. Kaka yake alinipigia asubuhi kuniambia mama asijue, moyo wake hautahimili. Meneja wetu hapa kwenye nyumba ya wazee, Lidcombe, Australia, akamuunga mkono. Wao waliamua, kazi ya kumtazama usoni wakaniachia mimi. Nilikasirika, nikachukua kitana.

Nilipokuwa namchana, alianza habari za utotoni, milimani Venezuela, kwenye mashamba ya kahawa. Kwao hakuna aliyevuka mlango bila kuomba baraka kwa wakubwa, hata akienda kwa kuku tu. Nilimwelewa. Nilikokulia, kambi ya wakimbizi Tanzania, ukimpita mzee bila shikamoo ulijitafutia fimbo. Siku moja baba yake alinuniana na mama yake mzazi, akapakia punda magunia, akaondoka bila kuomba baraka. Mama huyo naye akakaza shingo, hakumbariki. Baadaye moyo ukamshtuka, akakimbia bondeni miguu peku, uji unaungua jikoni. Punda alirudi peke yake.

Bibi Herminia akanishika mkono. "Généreuse, mtoto wangu yuko wapi?"

Mficha maradhi, kilio humfichua. Nikamwambia yote. Hakulia. Alinyoosha kidole kwenye simu.

Nesi aliyepokea wodini alikuwa Mkenya, Wanjugu. Nilimsihi kwa Kiswahili amwekee Nubia simu sikioni.

"Sawa dada, lakini quick, doctor yuko mlangoni."

Tukasikia mashine ikivuta na kushusha. Bibi Herminia alifungua mdomo, akaufunga. Nikamhimiza aseme.

"Hajaniomba," alininong'oneza. "Baraka huombwa."

Nilitaka kumtikisa. Wanjugu akasema daktari ameingia. Basi nikapiga magoti kando ya kitanda cha Bibi, nikashusha barakoa, jambo ambalo ni kosa la kufukuzwa kazi, nikaisogelea simu.

"Bendición, mamá."

Akaniwekea kiganja kichwani, macho kwenye simu.

"Mungu akubariki, binti yangu. Nenda."

Meneja alitukuta hivyo. Bibi Herminia hakumtazama. Alivua hereni, moja, kisha nyingine, akanipa nizihifadhi.