Kiyoyozi cha Nyuma

Goti lake la kushoto ndilo lililotangulia kujua. Alipolisogeza karibu na tundu la kiyoyozi, paa lilibonyea kama godoro kuukuu na halikurudi.

Chini yake lilikuwa gari-nyumba, refu kama basi, lenye vitanda, jiko na choo ndani, mali ya kampuni inayokodisha magari kwa wageni. Viyoyozi viwili vya zamani vilikuwa vimeshateremshwa kwa kamba. Kipya cha mbele kilikaa vizuri tangu asubuhi. Kilibaki cha nyuma, kilo arobaini na kitu, juu ya kitanda kabisa.

Unyoya ni jina alilopewa msichana huyu hapo gereji, kwa wepesi wake. Mafundi wengine wote walikuwa wanaume wazito, na paa bovu halimtaki mtu mzito, basi kila paa bovu lilikuwa lake.

"Mjomba," aliita kupitia tundu. "Mbao zimeoza. Kidole kinazama."

Mjomba wake, aliyefanya ufundi pale pale miaka kumi na tisa, alichokonoa ukingo wa tundu kwa bisibisi. Mbao ilimeguka kama mkate ulioloweshwa.

"Hii ni kung'oa na kuweka mbao mpya. Siku tatu."

"Siku tatu za baba yako?" Bosi alikuwa mlangoni, simu sikioni. "Gari linatoka leo saa kumi. Funga!"

"Bosi, bolti zinashika mbao hizi hizi."

"Wewe ni fundi au seremala? Huko nje wamejaa wanaotafuta pa kushika spana."

Mjomba akachukua spana. Alikuwa na wanawe wanne, na wote wanakula.

Kiyoyozi cha paani hukazwa kwa bolti nne kutoka ndani. Wa ndani anakaza, wa juu anautazama mpira uliolaliwa na mashine. Ukishuka nusu ya unene wake, inatosha. Kwa kuwa sauti ya Unyoya haikuwa ya kufika mbali, walikuwa na kawaida yao: akigonga paa mara moja, endelea, mara mbili, simama.

Kiyoyozi kilipokalishwa juu ya tundu, Unyoya alilala kifudifudi, shavu karibu na paa lenye joto. Mpira haukushuka. Paa ndilo lililoshuka. Akagonga mara mbili.

Spana ikasimama.

"Nani kakwambia uache?" Sauti ya Bosi ilipenya kutoka ndani ya gari. "Kaza!"

Akagonga tena mara mbili, safari hii kwa ngumi. Spana ikaendelea.

Aliposhuka, Mjomba alikuwa ameshapachika vipande vya kreti bovu chini ya bolti, na juu yake kifuniko kipya cheupe cha plastiki. Ukitazama kwa macho tu, palipendeza. Bosi akamsogezea karatasi ya ukaguzi.

"Saini hapa. Paa ni zima."

"Si utie wewe, bosi?"

"Fundi nani hapa?"

Mjomba akatia saini. Hakusita, na hilo ndilo lililomchoma Unyoya zaidi.

Saa kumi dereva akaja kulichukua gari. Unyoya hakuwa amewahi kuzungumza na mteja hata mmoja. Akamfuata nyuma ya gari, akainamisha kichwa.

"Kaka, kile kiyoyozi cha nyuma... mbao zimeoza. Kitaanguka. Wageni wasilale pale."

Dereva akacheka, lakini uso haukucheka. "Wageni wanalala mbele, dada. Pale nalala mimi. Tangu mwaka jana naandika kwenye daftari la gari: paa linavuja, paa linavuja. Unajua walinipa nini? Ndoo."

Akapanda, akawasha gari, akaondoka.

Vumbi halijatulia, gari-nyumba jingine likaingia, paa lake limezama katikati, maji ya mvua yametuama.

"Unyoya!" Bosi akapiga makofi. "Ngazi ile pale. Panda fasta!"

Mjomba akamtazama kwa macho ya kusihi. Miaka miwili Unyoya alikuwa akijibu "sawa bosi" kabla Bosi hajamaliza kusema.

"Sipandi."

Bosi akamsogelea.

"Umesemaje?"

Sauti ilimtoka Unyoya mpaka akaishangaa mwenyewe.

"Sipandi. Panda wewe, bosi, na hicho kitambi chako. Paa likikubeba, saini nitatia mimi."