Dimbwi Lililoondolewa Mtandaoni

Msusi aliirekodi video ile akiwa mlangoni pa saluni yake, chanuo mkononi, nyuma yake dimbwi la maji machafu lililomeza nusu ya njia.

"Mheshimiwa diwani," alisema, "dimbwi hili lina miezi saba. Lingekuwa mtoto, sasa hivi lingekuwa linakaa lenyewe."

Hadi jioni watu elfu tisa walikuwa wameitazama. Kulipokucha haikuwepo. Yalibaki maandishi tu: Imeondolewa kwa madai ya uharamia.

"Uharamia? Mimi? Hata kuogelea sijui!"

Wifi yake, karani katika ofisi ya wakili, alikuja mchana kumwelewesha. Kulikuwa na sheria mpya ya kulinda kazi za wasanii. Mtu akilalamika kaibiwa kazi yake, mtandao unaiondoa kwanza na kuuliza baadaye, la sivyo unapigwa faini.

"Na aliyelalamika ni ofisi ya diwani," wifi akasema. "Redio yako ilikuwa inapiga wimbo wake wa kampeni. Sekunde nne."

Msusi akazima redio, akarekodi upya. Safari hii alisoma maneno ya diwani mwenyewe, yale ya kuahidi mtaro. Ikaondolewa kabla hajamaliza kusuka kichwa kimoja. Wifi akapiga simu: "Wanasema hotuba ile ni kazi yake ya ubunifu."

"Hapo hawajakosea. Yote aliyosema ni ya kubuni."

Mara ya tatu hakufungua mdomo kabisa. Alinyoosha chanuo kuelekea majini, basi. Nayo ikaondolewa: ukutani palikuwa na bango la diwani, na picha ya bango ina mwenyewe. Msusi akajitupa kwenye kiti cha wateja, machozi ya hasira yakamtoka.

"Hebu fungua ukurasa wake," wifi akamwambia jioni ile. Diwani alikuwa anakata utepe, mkewe pembeni akitabasamu. "Huyo mke kasukwa na nani?"

"Na mimi! Mtindo nimeubuni mwenyewe. Saa sita nzima alinikalia hapa."

"Basi umeibiwa, wifi yangu."

Fomu ya malalamiko haikudai ushahidi wowote. Waliituma saa kumi na moja. Saa kumi na mbili ukurasa wote wa diwani ulikuwa umefungwa. Walicheka mpaka wakashikana mabega wasianguke.

Asubuhi akaingia fundi baiskeli wa ng'ambo ya njia, uso umemkunjamana. "Dada, umefanya nini? Chini ya ile video ya utepe tulikuwa tumeandika shida zetu, watu mia tatu. Mimi niliandika kuhusu taa za barabarani, na majirani walianza kunijibu. Vyote vimepotea."

Msusi akaweka chanuo chini. Hilo hakuliwaza hata kidogo.

Adhuhuri diwani alikuja mwenyewe, suruali ameikunja hadi magotini, viatu mkononi.

"Mama, umenifunga mdomo."

"Tumefungana, mheshimiwa. Na majirani tumewafunga pamoja nasi. Futa malalamiko yako, nami nafuta yangu. Sasa hivi, nikikuona."

"Anza wewe."

"Kwa nini nianze mimi?"

Ikabidi wifi ahesabu moja, mbili, tatu, kama anayeanzisha mbio za watoto. Wote wawili wakabonyeza. Diwani akachungulia simu ya msusi kuhakikisha, msusi akachungulia ya diwani.

Wiki iliyofuata vibarua watatu walifika na koleo na toroli moja, wakachimba mtaro hadi nusu, wakaondoka. Maji yalipungua, hayakuisha.

Video zote zilirudi, na maoni yake. Msusi alisogea dirishani akaanza kuyasoma. La juu kabisa liliandikwa chini ya ile video ya tatu, kabla haijaondolewa: "Dada wa chanuo kanyamaza. Kashanunuliwa huyo." Chini yake watu arobaini walikuwa wamekubali.

"Nimenunuliwa!" alifoka, akaanza kuwajibu mmoja mmoja, huku mteja wake akisubiri kitini, upande mmoja wa kichwa umesukwa, mwingine umesimama wima.