Kiinimacho cha Goti

Tangu mumewe alipotolewa chumba cha upasuaji, Msusi hakuliamini lile goti. Lilikuwa na matundu matatu madogo yaliyoshonwa kwa uzi mweusi, safi mno, na usafi wenyewe ndio uliomtia wasiwasi. Bandeji zilipofunguliwa alilikagua kama anavyokagua nywele bandia za muuzaji asiyemjua. Alilisogeza kwenye mwanga, akalibonyeza, akalinusa.

"Unatafuta nini?" mumewe akamuuliza.

"Natafuta kazi waliyofanya."

Mumewe alikuwa fundi vigae, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Kazi yake ilimpigisha magoti asubuhi hadi jioni kwenye vyoo, jikoni na kumbi za watu, mpaka goti la kushoto likagoma. Likawa linakwama katikati ya hatua, naye anabaki kaning'inia mlangoni huku jasho likimtoka. Ikafika mahali Msusi ndiye anayemvalisha suruali na kumfunga kamba za viatu. Hospitali wakampiga picha, wakasema ule mto laini ulio katikati ya mifupa ya goti umechanika.

Hapo ndipo daktari wa mifupa alipowaeleza habari za utafiti. Alisema watu wengi wenye tatizo hilo hupunguzwa kile kipande kilichochanika, kwa vifaa vyembamba vinavyopitishwa kwenye vitundu. Wengi hupata nafuu. Lakini je, kinachowaponya ni kule kukatwa, au ni kitu kingine? Hawakuwa na hakika. Kwa hiyo watakaokubali kushiriki wangelazwa usingizi wote, halafu kwa bahati nasibu nusu yao wakatwe, na nusu wachunguliwe tu kwa kamera na kushonwa. Mazoezi ya viungo wangepewa wote. Hakuna ambaye angejua yuko kundi gani mpaka utafiti uishe.

"Yaani kuna watu watachomwa sindano ya usingizi, watobolewe, halafu wasifanyiwe kitu?" Msusi aliuliza.

"Ndiyo, mama. Na mumeo anaweza kuwa mmoja wao. Ndiyo maana tunaomba ridhaa kwanza."

Msusi alikuwa bado anavuta pumzi ya kukataa, Fundi akawa ameshakubali. "Nimechoka kushuka ngazi kwa makalio," alisema.

Basi akapona. Kwanza aliiacha fimbo, kisha akarudia kufunga viatu vyake mwenyewe. Kila asubuhi alilala chali sakafuni akiinua mguu na kuushusha kama alivyofundishwa, anahesabu kwa sauti mpaka majirani wakamzoea. Mke mwingine angeshukuru. Msusi alianza kumtega. Aliangusha kitana uvunguni, akamwambia, "Hebu niokotee," ili aone anavyopinda. Fundi aliinama, akakitoa, akamkabidhi kwa mikono miwili kama anayetoa zawadi.

"Kuna kingine cha kuokota, au tumemaliza?"

Pale saluni kwake Msusi palikuwa na mteja wake wa siku nyingi, mwalimu mstaafu, ambaye naye alikuwa kwenye utafiti uleule. Huyu alikuwa bado anachechemea. Siku moja, kichwa kikiwa nusu kimesukwa, alipandisha sketi kidogo akaonyesha goti. Matundu matatu, palepale, sawasawa na ya Fundi.

"Mimi walinikata kwelikweli," Mwalimu alisema. "Nasikia kabisa ndani humu kuna kitu kimetolewa. Lakini huyo wako anatembea upesi mno. Kidonda cha kweli hakiponi hivyo, mwanangu. Huyo walimpiga kiinimacho."

Neno hilo likamwingia Msusi likakaa. Fundi alipoitwa tena kliniki, mkewe aliongozana naye, na kabla hawajakaa vizuri akamuuliza daktari: mume wangu mlimkata, hamkumkata?

"Sijui," daktari akajibu.

"Hujui?"

"Aliyempasua haji kliniki hii, na mimi sijaambiwa. Wapo wanaojua, lakini hawakutani na nyinyi wala na mimi. Nikijua nitamwangalia kwa jicho la kutafuta kasoro, na nikiitafuta nitaiona."

Msusi jicho hilo alilijua. Walipofika nje akasema, "Wanafichana wao kwa wao. Tangu lini watu wa kheri wakafichana?"

"Shida yako," Fundi akamjibu, "wewe unataka niumwe."

Walirudi nyumbani kila mmoja na upande wake wa barabara.

Utafiti ulipokwisha, washiriki wakaitwa ukumbi wa juu pale hospitali. Daktari alisimama mbele akasema bila kuzunguka. Waliokatwa wamepata nafuu, na ambao hawakukatwa wamepata nafuu, kwa kiwango kilekile. Katika makundi yote mawili wapo ambao bado wanaumwa. Ukumbi ukavuma kama mzinga. Kisha anayetaka kujua la kwake akaruhusiwa kuingia chumba cha pembeni. Mwalimu alitoka huko amekunja uso; ni kweli, alikatwa. Fundi akaingia na mkewe.

"Wewe tulikuchungulia tu," daktari alimwambia. "Tuliona ule mchaniko, tukatoka. Hatukukata kitu."

Msusi alikuwa na maneno yake tayari, ameyaandaa tangu bandeji zifunguliwe. Akageuka amwangalie mumewe, na yote yakamwishia mdomoni. Fundi alikuwa na uso wa mtu aliyekamatwa na mali ya watu. Wakati wa kushuka ngazi alishika ukuta, jambo ambalo alikwisha kuliacha.

"Kwa hiyo nilikuwa naongopa," alisema. "Muda wote ule."

Toka hapo akawa analivizia goti lake. Ananyanyuka kitini, anasimama kidogo, anasikiliza. Alikataa kazi ya ukumbi mkubwa, akakataa na ya bafu. Mkewe alipomchemshia maji ya kulikanda, aliyasukuma kando.

"Ya nini? Goti halijawahi kuumwa. Si umesikia?"

"Daktari kasema mchaniko waliuona. Maumivu yalikuwa ya kweli. Kukata ndiko hakukuwa na cha kuongeza."

"Leo unamtetea daktari? Wewe?"

Msusi aliweka beseni chini. Kubembeleza hakukuwa fani yake, na mumewe alimjua vya kutosha asidanganyike.

"Sikiliza, Fundi. Mimi simwamini mtu. Simwamini daktari, simwamini Mwalimu, na wewe sikukuamini. Ulipokuwa unaumwa nilikuvizia, nikidhani unajifanya ili nikuvalishe suruali. Nilichungulia dirishani ukiwa peke yako. Ulikuwa unauma taulo. Ulipopona nikakuvizia tena, vitana vyangu vimeisha meno kwa kuangushwa. Kama kungekuwa na uongo, kwenda au kurudi, ningeukamata mimi. Nimeukosa."

Fundi alimkodolea macho. "Ulinichungulia dirishani?"

"Kila nilipopata nafasi."

Alitaka kukasirika, akashindwa. Kicheko kilimtoka puani, kisha kikamtoka chote, akajifuta macho kwa upindo wa shati na kulivuta beseni karibu.

Haikuwa mwisho wa shaka zake. Ziko siku aliamka akiligusa goti kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa. Lakini asubuhi moja alikuja saluni na ndoo, mwiko na pima maji, akasema vile vigae vilivyobanduka chini ya sinki la kuoshea nywele vinamtia aibu mtaani. Akapiga magoti akaanza kuving'oa.

Mwalimu alikuwa kwenye kiti. "Mimi nasema walibadilisha," alinong'ona. "Kukatwa kwangu alipewa yeye."

Mikono ya Msusi ilikuwa inasuka, macho yakiwa kwenye kioo, yanamfuata mumewe anavyoegemea kushoto, anavyohamia kulia.

"Unaniangalia," Fundi alisema bila kuinua kichwa.

"Naangalia vigae. Hicho cha pembeni kimepinda."

Hakikuwa kimepinda. Hata hivyo Fundi aliichukua pima maji, akailaza juu ya kigae, akainama kabisa mpaka shavu likakaribia sakafu, akakipima.